Nani Aulizwe Kuhusu Chumba Namba 5?

Mwaka jana nilikuwa katibu wa makazi wa jumuiya yetu. Ni cheo kisicho na ofisi wala muhuri. Kila mwanzo wa mwaka wa masomo wanakuja ndugu zetu wapya ambao wazazi wao wamejikamua wakapata ada, lakini pesa ya hosteli haikupatikana. Sisi tunaandika majina yao, tunauliza hali ya kila mmoja, tunapanga nani ana shida zaidi, kisha tunapeleka orodha kwa kamati ya wazee wanaosimamia nyumba moja ya wakfu, mwendo wa dakika ishirini kutoka chuoni. Nyumba ina vyumba saba, na kila chumba wanakaa vijana wawili. Mwenyewe alifariki miaka mingi iliyopita, Allah amrehemu, akaiacha kwa ajili ya wanaotafuta elimu. Kodi yake haifiki hata robo ya hosteli ya kawaida hapa Kampala. Sisi tunachagua wa kuingia. Wazee wana funguo, wanapokea kodi, na wanatengeneza kinachoharibika.

Mwezi wa kumi, mvua ziliposhika, kijana mmoja wa mwaka wa kwanza alinisubiri nje ya msikiti baada ya swala ya Ijumaa. Ametoka Beni, Kongo, na kwa kuwa tulielewana kwa Kiswahili tangu siku ya kwanza, nilizoea kumwita mdogo wangu. Alinionyesha picha kwenye simu. Ukuta wa upande wa kitanda chake, chumba namba 5, ulikuwa umeota kuvu nyeusi kutoka sakafuni hadi karibu na dirisha. Akasema, "Kaka, usiku napumua kwa shida." Ana pumu tangu utotoni, na aliiandika hata kwenye fomu yetu.

Nilimwambia anunue Jik asugue ukuta, ukikauka apake rangi. Nikamwambia pia aache kuanika nguo ndani.

Sikumjibu hivyo kwa ubaya. Nilikuwa na ombi jingine mbele ya wazee, la kuongezewa chumba kimoja mwaka unaofuata, na sikutaka kwenda kwao na lawama kabla hawajanijibu. Rafiki yangu mmoja alishauri twende kwa mwenyekiti wa LC1, atuitie afisa wa afya aje aikague nyumba. Nikakataa. Nikasema haya ni mambo ya Waislamu, tusiwaaibishe wazee wetu mbele ya watu.

Wiki ya mitihani nikasikia kwa mtu mwingine kwamba yule kijana alikuwa halali tena chumba namba 5. Kwa muda wa wiki tatu alikuwa akilala kwenye baraza la msikiti, akirudi chumbani kubadilisha nguo tu. Kisha pumu ikambana, akalazwa, akakosa mitihani miwili. Hapo ndipo nikaenda kwa mwenyekiti wa kamati. Nilimweleza yote. Akanisikiliza kwa upole, akasema, "Mwanangu, hata hizo za kulipia zina kuvu. Huyu amepewa. Mwambie ashukuru."

Ndugu msomaji, naomba usimchukie mzee huyu. Namjua. Nyumba ile ikipasuka bomba ni yeye anayetoa pesa mfukoni mwake kabla ya kamati kukutana. Wala si jibu lake lililoninyima usingizi. Ni maneno yangu mwenyewe niliyojisemea njiani nikirudi: mimi nilimpendekeza tu, nyumba ni ya kamati. Nimeandika makala hii ili niyachunguze maneno hayo, kwa sababu nimekuja kugundua kwamba watu wengine wenye ofisi na mihuri huyasema kila siku, na kuna mahali ambapo yamegharimu uhai.

Nasoma utawala wa umma. Katika muhula huohuo tulikuwa na somo la serikali za mitaa, na mwalimu wetu akatupa tusome kisa cha mtoto mmoja wa mji wa Rochdale, kaskazini mwa England. Ili kisa kieleweke, inabidi kwanza nieleze jinsi nyumba za watu wa kipato cha chini zinavyoshikwa kule, maana si kama huku kwetu.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, sheria ya 1919 ilizifanya halmashauri za Uingereza kuwa wajenzi wakubwa wa nyumba za kupangisha kwa bei nafuu. Kwa miaka sitini hivi, mwenye nyumba wa maskini alikuwa halmashauri yake. Sheria ya 1980 ikawapa wapangaji haki ya kuzinunua nyumba hizo kwa punguzo kubwa. Nyingi ziliuzwa na chache zikajengwa badala yake, huku halmashauri zikibanwa na serikali kuu zisikope kwa ajili ya matengenezo. Pembeni yao yalikuwapo mashirika ya nyumba yasiyotafuta faida, mengine yakiwa na mizizi tangu wakati wa matajiri wa karne ya 19 waliotoa mali zao kwa ajili ya makazi ya wafanyakazi. Mashirika haya yaliweza kukopa benki bila deni kuhesabiwa kuwa la serikali. Basi ikaonekana ni busara halmashauri zihamishie nyumba zao huko. Chiltern ilianza mwaka 1988, nyingine zikafuata, mara nyingi baada ya wapangaji wenyewe kupiga kura. Nyumba zaidi ya milioni moja zimehama kwa njia hiyo, na leo nchini England mashirika haya yana nyumba nyingi kuliko halmashauri zenyewe.

Kilichonivutia ni kile ambacho hakikuhama. Tangu sheria ya 1977, mtu asiye na makazi akibisha hodi, anayewajibika kisheria ni halmashauri. Wajibu huo ulibaki palepale hata pale ambapo halmashauri haikubakiwa na nyumba hata moja. Hivyo halmashauri ina orodha ya wenye shida na shirika lina funguo. Mara nyingi huwekeana makubaliano: nyumba za shirika zikiwa wazi, halmashauri inapendekeza majina ya watu wa kuingia. Niliposoma hapo niliweka karatasi chini. Ilikuwa ni sisi na wazee wetu, tofauti ni ukubwa tu.

Rochdale ilihamisha nyumba zake mwaka 2012, zaidi ya 12,000, kwa shirika liitwalo Rochdale Boroughwide Housing. Halikuwa shirika la matapeli. Lilisifiwa kuwa la kwanza la aina yake nchini humo, kwa kuwa wapangaji na wafanyakazi ndio waliokuwa wanachama na wamiliki wake. Kwenye karatasi, mpangaji alikuwa mwenye nyumba.

Katika moja ya nyumba hizo, yenye chumba kimoja cha kulala, ilikaa familia ya Kiislamu kutoka Sudan. Mwaka 2017 baba aliripoti kuvu. Akaambiwa apake rangi juu yake. Awaab akazaliwa Desemba 2018. Kuvu ikaendelea jikoni na bafuni, kwa kuwa nyumba haikuwa na njia ya kutosha ya kupitisha hewa. Julai 2020 mhudumu wa afya anayewatembelea watoto wadogo aliliandikia shirika kulieleza wasiwasi wake. Mwaka huo familia ilikuwa imemwendea mwanasheria. Sasa soma hili taratibu: shirika lilikuwa na utaratibu kwamba dai likishafika kwa wanasheria, matengenezo husubiri mpaka makubaliano yapatikane. Yaani kule kulalamika kwa njia ya haki ndiko kulikosimamisha fundi. Tarehe 21 Desemba 2020, siku chache baada ya kutimiza miaka miwili, Awaab Ishak alifariki. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Uchunguzi wa kifo chake ulimalizika Novemba 2022. Afisa aliyeuongoza alitamka kwamba mtoto alikufa kwa maradhi ya njia ya hewa yaliyoletwa na kukaa muda mrefu ndani ya kuvu. Mkuu wa shirika aliondolewa kazini mwezi huohuo. Jambo moja lilijitokeza ambalo sisi wanafunzi wa Kiislamu hatuwezi kulipita haraka: shirika lilikiri kwamba lilikuwa limekisia mambo kuhusu maisha ya familia ile, ikiwemo namna yao ya kuoga na kujitoharisha, kana kwamba maji yao ndiyo yaliyoleta kuvu. Niliposoma hayo nilihisi hasira inanipanda. Kisha nikakumbuka nguo. Mimi ndiye niliyemwambia mgonjwa wa pumu kwamba shida ni anavyoanika nguo zake, na sikuwa hata nimekiona chumba.

Sasa nirudi kwenye swali langu. Halmashauri inapokabidhi nyumba kwa shirika lenye nia njema, inakabidhi nini hasa?

Mwenzangu darasani alisema inakabidhi yote. Mkataba umesainiwa, wapangaji wamepiga kura, shirika limepokea nyumba pamoja na madeni na kuta zake. Kumuuliza aliyeondoka ni sawa na kumuuliza mtu aliyeuza ng'ombe kwa nini maziwa ya leo yameharibika. Hoja hiyo ina nguvu kuliko inavyoonekana, na nilikaa nayo siku kadhaa.

Nadhani inakosea mahali pamoja. Aliyeuza ng'ombe hakuwa na deni kwa mnywaji wa maziwa. Halmashauri ilikuwa nalo na bado inalo, kwa sababu ndiyo iliyopokea jina la mtu asiye na pa kulala. Mfano ulio karibu zaidi ni wa deni. Nikiwa nadaiwa na Musa shilingi laki moja, nikamtuma Issa azipeleke, na Issa asizifikishe, Musa hatamwendea Issa. Atakuja kwangu, na hakuna mwanachuoni atakayemwambia amekosea mlango. Mimi nitamfuata Issa kivyangu, naye atajibu kwangu kwa uzembe wake. Kumtuma Issa kulinipunguzia safari tu. Deni liko palepale mpaka pesa iingie mkononi mwa Musa. Wala hatugawani dhima nusu kwa nusu: mimi naulizwa yote ya kwangu na Issa anaulizwa yote ya kwake. Hadithi ya mchunga na alichokichunga kila mmoja wetu ameihifadhi tangu madrasa, na sikumbuki kuambiwa kwamba wachunga wakiwa wawili kila mmoja anaulizwa nusu ya kundi.

Ikiwa ni hivyo, kumweka mtu ndani ya chumba si kumaliza wajibu. Tatizo ni namna orodha zinavyofanya kazi. Jina la kijana wa Beni lilipopata chumba namba 5 nililikata kwa kalamu nyekundu, nikahesabu: wamebaki kumi na moja. Nilifurahi. Tangu siku hiyo kwangu hakuwa tena mwenye shida, alikuwa mtu aliyesaidiwa. Orodha inamjua mtu kabla hajaingia tu. Akishaingia, hakuna safu inayomwonyesha. Sidhani orodha ya halmashauri yoyote duniani ina tabia tofauti na yangu, isipokuwa mtu aitengeneze iwe tofauti.

Lakini kusahau ni sehemu ndogo ya jambo hili. Kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni shukrani na urafiki, na hapa najua kuna ndugu watakaonipinga.

Mpangaji wa tajiri analipa bei kamili, na hapo ana ulimi. Paa likivuja atapiga kelele, kwa kuwa anajua amenunua kitu na hakukipata. Mpangaji wa shirika la kheri amewekwa mahali pengine. Amepewa, na aliyepewa anatarajiwa kushukuru. Shukrani kwa watu ni katika adabu zetu, siikatai. Ila angalia inavyotumika: "Mwambie ashukuru" ilikuwa jibu la malalamiko kuhusu ukuta. Shukrani ilidaiwa mahali ambapo fundi ndiye aliyedaiwa. Kijana mwenyewe aliielewa sheria hiyo isiyoandikwa vizuri kuliko sisi sote, ndiyo maana hakurudi kunisumbua mara ya pili. Alichukua shuka lake akaenda barazani. Na kwa mgeni, mkimbizi, mtu ambaye lugha ya nchi bado inamtatiza, sauti inayomwambia ashukuru haisemwi hata na mtu. Anajiambia mwenyewe.

Kwa hiyo mtu wa namna hii anahitaji mwingine asiyeshukuriwa na asiyeshukuru. Anahitaji mtu ambaye kazi yake ni kuuliza: ukuta vipi, paa vipi, unapumua vipi? Hapo ndipo serikali ya mtaa inapopaswa kusimama hata baada ya kuziacha nyumba zake. Kule England sheria ya nyumba ya 2004 inazipa halmashauri uwezo wa kuingia na kuikagua nyumba ya kupangisha, hata ya shirika lisilotafuta faida, na hatari ikiwa ya daraja la juu kabisa, zinalazimika kuchukua hatua. Uwezo upo. Kinachoweza kuupooza ni urafiki.

Naongea kwa niliyoyapitia. Sikuwaogopa wazee kwa sababu ni wakali. Niliwaogopa kwa sababu ni wema na nawahitaji. Kila mwaka naenda kwao kuomba. Tunakaa mkeka mmoja, tunakunywa chai, wananiombea dua nifaulu. Mtu unayemwomba chumba leo huwezi kumkagua kesho bila uso kukuchoma. Halmashauri yenye foleni ya wasio na makazi nayo inaliomba shirika nyumba kila wiki. Wakubwa wao hukutana kwenye vikao vilevile na huitana washirika. Neno zuri, "washirika". Ila mpangaji hakuwa kwenye ule ushirika. Wawili wanapopatana sana juu ya mtu wa tatu, huyo wa tatu hana tena mlango wa kubisha, kwa sababu kila anakokwenda anawakuta walewale.

Mwingine atasema: basi dawa ni kuyaondoa mashirika, halmashauri ijenge na ipangishe yenyewe, hapo atajulikana wa kuulizwa. Niliwahi kuamini hivyo kabla ya kusoma habari za jengo la Grenfell, London. Jengo lile la ghorofa 24 lilikuwa mali ya halmashauri ya Kensington na Chelsea. Halmashauri haikulihamisha, iliukabidhi tu uendeshaji wake, tangu 1996, kwa chombo cha wapangaji kisicho cha faida. Wakazi waliandika maonyo kuhusu moto kwa miaka. Usiku wa tarehe 14 Juni 2017, ndani ya mwezi wa Ramadhani, jengo likawaka na watu 72 wakafa, wengi wao ndugu zetu katika imani. Ripoti ya mwisho ya tume ya uchunguzi, iliyotoka Septemba 2024, haikuisafisha halmashauri wala chombo kile, na iliwagusa pia waliotengeneza na kuuza vifaa vilivyobandikwa ukutani. Mwenye mali alikuwa halmashauri, na hilo halikutosha kumwokoa mtu.

Tena kuna jambo ambalo wanasheria wa kule wanalijua vizuri: halmashauri haiwezi kujipelekea yenyewe amri ya matengenezo. Ikiwa ndiyo mwenye nyumba na ndiyo mkaguzi, ukaguzi wa nyumba zake unabaki kuwa wa hiari. Kwa hiyo kutenganisha mwenye funguo na mwenye kuuliza kuna kheri ndani yake. Mafakihi wetu waliligundua hili zamani katika wakfu: kuna nadhiri anayeisimamia mali, na juu yake kuna kadhi mwenye haki ya kumhesabu na hata kumwondoa akizembea. Kadhi hakuwekwa juu ya nadhiri kwa sababu manadhiri ni wezi. Aliwekwa kwa sababu wanaonufaika na wakfu, maskini, mayatima na wanafunzi, si watu wa kuweza kumhesabu nadhiri wao wenyewe. Rochdale, baada ya 2012, halmashauri na nyumba zilikuwa sehemu mbili tofauti. Yaani kuhama kwa nyumba kuliiweka halmashauri mahali ambapo hatimaye ingeweza kuuliza kama mtu baki. Nafasi ya namna hiyo isipotumika, kutengana kunabaki kuwa njia ya kila mmoja kumwonyesha mwenzake kidole.

Linabaki lile neno nililomwambia rafiki yangu alipotaja LC1: tusiwaaibishe wazee wetu. Nimeliuliza kwa sheikh mmoja ninayemwamini. Alinijibu kwa kuniuliza, "Aibu unayoificha ni ya nani, na anayelipia ni nani?" Kumsitiri ndugu ni fadhila pale ambapo dhambi ni kati yake na Mola wake. Kuvu ya chumba namba 5 haikuwa kati ya mzee na Mola wake tu. Ilikuwa kifuani mwa kijana. Nilichokiita stara kilikuwa ni kuwasitiri watu wazima kwa mapafu ya mtoto wa watu. Na nikiri zaidi: nilikuwa najisitiri mimi, kwa sababu afisa wa afya angeniuliza ni nani aliyempeleka mgonjwa wa pumu mle ndani.

Kuna pingamizi moja ambalo sijaliweza kikamilifu. Wazee ni watu wa kujitolea. Tukiwabana wanaweza kusema, "Basi wapelekeni vijana wenu kwingine," na vijana kumi na wanne wakawa nje kwa ajili ya ukuta mmoja. Hofu hiyo ni ya kweli, na serikali za mitaa huiishi kwa kiwango cha maelfu: shirika likibanwa sana huenda likajenga kidogo, au likapeleka nguvu zake mji mwingine. Mtu asinidanganye kwamba hakuna gharama. Ninachoweza kusema ni kwamba hesabu ya vitanda kumi na vinne ilikuwa ya uongo tangu mwanzo. Kitanda ambacho mgonjwa anakikimbia akalale barazani hakikupaswa kuwa ndani ya hesabu. Na hofu ya kuwakosa wazee niliibeba mimi kichwani bila wao kunitishia hata siku moja. Sikuwahi kuwauliza. Huenda tunawadhulumu watu wa kheri kwa kudhani kwamba wema wao ni dhaifu kiasi hicho.

Waingereza mwishowe waliamua kutoliacha jambo hili kwenye nia njema. Sheria ya 2023 ya usimamizi wa nyumba hizi ina sehemu inayojulikana kwa jina la mtoto yule, Sheria ya Awaab. Tangu tarehe 27 Oktoba 2025, mwenye nyumba hizo, shirika au halmashauri, akiletewa habari ya hatari ya dharura lazima aishughulikie ndani ya saa 24. Habari ya unyevu na kuvu kubwa lazima aichunguze ndani ya siku kumi za kazi. Kwa maneno mengine, mpangaji amepewa siku za kuhesabu. Hahitaji kupendwa wala kushukuru, anahitaji kalenda. Nilipoisoma nilipiga hesabu yangu: kutoka Ijumaa ile ya picha hadi mimi kukanyaga chumba namba 5 zilipita siku hamsini na tatu.

Nilikwenda kwa wazee mara ya pili mwezi Januari, nikiwa na Amiri wetu na yule kijana mwenyewe. Safari hii sikuomba kitu. Tuliwaomba watembee nasi hadi chumbani. Mwenyekiti aliweka kiganja ukutani, akakiondoa, akakitazama. Hakusema habari ya kushukuru. Alisema bomba la choo cha nyuma lazima linavuja ndani ya ukuta, na kwamba alikuwa hajaingia chumba hicho tangu kilipopakwa rangi mara ya mwisho. Fundi alikuja akavunja plasta, kisha pesa zikaisha. Chumba namba 5 mpaka leo kimefungwa kufuli. Kijana anaishi na familia moja hapa jirani na atarudia mitihani yake miwili mwezi wa nane, inshaallah.

Orodha ya mwaka mpya nimemkabidhi katibu mpya. Ina majina kumi na tisa. Upande wa kulia nimeongeza safu mbili: tarehe ambayo mtu wa jumuiya aliingia chumbani, na alichokikuta. Nilipompelekea mwenyekiti nakala yake aliitazama kwa muda, akauliza safu hizo ni za nini, mbona ziko tupu. Nikamwambia, "Hajji, tutazijaza." Akachukua kalamu, akanionyesha palipobaki nafasi pembeni, akaniambia niongeze na ya tatu, ya siku ambayo kamati ilijibu.